Mama Mghoi, usijilazimishe kuimba

Kariobangi South, Nairobi
Julai 2025

Mpendwa Mama Mghoi,

Salamu sana kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Ujumbe wako niliusoma nikiwa nimeshafunga kibanda, nikaona haya si mambo ya kujibu kwa simu huku mteja akiuliza bei ya nyanya. Kwa hivyo nimekaa chini na daftari la mwanangu Wafula. Usishangae hizo hesabu za kugawanya nyuma ya karatasi, ni zake, na nyingi amekosa.

Umeniuliza kama bado naomba kwa kweli au naomba kwa mazoea. Na umeniambia kwamba tangu ile Jumapili padre aliposema "Mungu ni mwema", kanisa zima likaitikia "kila wakati", nawe ukabaki umefunga mdomo, hujarudi tena Misa. Unasema unaona haya. Unasema huenda siku tulipomzika Baba Mghoi ulizika na imani yako humo humo.

Nianze na hilo la mazoea. Sala zangu nyingi siku hizi ni za mazoea, dada, na sioni ubaya wake. Unajua selimundu, ule ugonjwa wake wa damu, inavyoupenda mwezi wa Julai. Wafula namvisha soksi mbili mbili, namnywesha maji mpaka ananuna, vidonge vyake vya kila siku namhesabia mwenyewe asubuhi, na bado usiku mwingine maumivu yanamwanza. Hapigi kelele. Anasaga meno, ananiomba nimkande miguu pale kwenye mifupa ya mbele, nikimgusa tu anasema niache, mkono wenyewe unaumiza. Wewe umekaa naye wodini nikienda nyumbani kuoga, huhitaji kuelezwa. Saa hizo mimi sina sala ya kutunga. Akili imekauka. Kinachotoka ni Salamu Maria, tena na tena, kama nilivyofundishwa na nyanya yangu kule Busia kabla sijajua kusoma. Mdomo unaijua njia wenyewe. Mtu akiniambia hiyo si sala ya kweli, nitamwomba aje akeshe siku moja mahali pangu.

Juzi juzi Wafula ameniuliza, "Mama, Mungu anajua naskia uchungu?" Nikamwambia anajua. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa?" Hiyo "sasa" sikuwa na jibu lake, na hadi leo sina. Nakuandikia ujue kwamba huyu unayemwuliza maswali naye ameulizwa akashindwa.

Sasa hilo la kunyamaza kanisani. Nani alikuambia kunyamaza ni kukosa imani? Ukipata nafasi fungua Zaburi ya 88. Zaburi za kilio karibu zote hugeuka kabla hazijaisha. Mtu analia, analia, halafu unafika mstari wa "lakini mimi nitakusifu". Ya 88 haigeuki. Mtu anamwambia Mungu waziwazi kwamba ndiye aliyemtupa shimoni, na mstari wa mwisho ni huu: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Basi, imekwisha hapo. Na Kanisa halikuona aibu nayo. Mapadre na watawa wanaosali sala za vipindi huisali kila Ijumaa usiku, ndiyo zaburi ya kulalia. Kwa hivyo kila wiki, wakati sisi tunafunga vibanda, kuna mahali mtu anasema maneno yako kwa niaba yako, kwa sauti, na kuyaita sala. Ukishindwa kusema "kila wakati", sema hiyo. Hata kwa hasira. Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumlalamikia.

Halafu yale maneno ya matangani. Nakumbuka ulivyokuwa umekaa kwenye mkeka, kila anayeingia anakuinamia sikioni: "Mungu hawezi kukupa mzigo usioweza kuubeba." Nilikuwa nakuangalia usoni. Mama, hayo hayamo kwenye Biblia. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu hatawaacha wajaribiwe kupita wawezavyo, na pale anazungumzia majaribu ya kutenda dhambi, sanamu na uasherati. Hazungumzii kifo cha mume. Paulo huyo huyo, katika barua ya pili kwa watu hao hao, sura ya kwanza kabisa, anasema yaliyompata kule Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu! Mtume mzima. Kwa hivyo ukisikia umelemewa, huna kasoro yoyote, uko na Paulo.

Kuna jambo moja nimelinyamazia muda mrefu, leo nalisema. Yule mhubiri wa hema aliyekuambia upande mbegu ili figo za Baba Mghoi zifunguke, ukampelekea pesa ulizokuwa umeweka za kusafishwa damu wiki ile, kisha mzee alipozidiwa akakuambia imani yako ilikuwa na ufa, alikukosea. Na alimsingizia Mungu. Yesu aliulizwa kuhusu yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akasema si yeye wala wazazi wake. Hakumtafutia mtu kosa. Najua hayo maneno ya ufa bado yanakurudia usiku, umeniambia zaidi ya mara moja. Figo zilikufa kwa presha iliyokaa miaka bila kupimwa, daktari alikueleza hivyo nami nikiwepo. Ufa wa imani haumo kwenye ile fomu ya daktari.

Marafiki wa Ayubu nao walianza vizuri sana. Walipomwona hawakumtambua, wakalia, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Laiti wangeishia hapo! Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, kila mmoja na maelezo yake. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyekuwa akimgombeza. Mimi maneno hayo ya sura ya 42 huniliwaza kuliko pale mbele kidogo ambapo Ayubu anarudishiwa ngamia na kondoo. Na watoto waliokufa, je? Watoto wapya si wale. Lakini hilo tuliache, tutaongea ukija.

Unayemhitaji sana kwa sasa, nafikiri, ni Eliya. Alikimbia jangwani, akakaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Alisema imetosha. Tazama Mungu alifanya nini. Hakumpa mahubiri. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule," na pale kichwani palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, chakula tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, mlimani. Nilikuwa nayafikiria haya mwaka ule wa 2023, habari za Shakahola zilipotoka, watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Dini inayomnyima mwenye huzuni chakula haijamjua Mungu wa Eliya. Dada yako ameniambia hupiki. Tafadhali pika, hata uji tu. Na ulale. Kusali kutasubiri.

Umekumbuka siku tulipokwenda Mombasa kwa harusi ya binamu yako ukanionyesha lile kaburi la Nyali? La Rosine, mke wa mmisionari Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha, mwezi wa Julai, mama akafa kwa homa, na kitoto chake kichanga kikamfuata, mume mwenyewe akiwa hoi kitandani. Krapf akawaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani hii, na hiyo ni ishara kuwa kazi imeanza. Watu huyanukuu maneno hayo kwa fahari kwenye semina. Mimi hunikwaruza kidogo. Huenda yalimshikilia yeye asianguke, siwezi kumhukumu mtu aliyezika wawili. Ila humfikiria zaidi Rosine, mbali na kwao, katika joto lile. Usimruhusu mtu alifanye kaburi la Baba Mghoi kuwa somo kabla hujamaliza kulia. Wewe mwenyewe ukiona maana yake siku moja, sawa. Usipoiona, sawa pia.

Sasa nikujibu kwa nini mimi bado nipo, maana ndilo ulilouliza. Sababu yangu kubwa ni ile habari ya Marko sura ya pili, ya mtu aliyepooza akabebwa na watu wanne. Mlango umejaa watu, wakapanda, wakaitoboa dari ya mwenye nyumba (sijui nani aliyelipa), wakamteremsha na godoro lake. Soma vizuri: mgonjwa hasemi neno, mwanzo hadi mwisho. Hatuambiwi kama aliamini. Inasemwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Wale wanne wenye vumbi la dari kichwani.

Mimi nimebebwa hivyo, na wewe ulikuwa mmoja wa waliobeba. Mwaka 2024, mvua ya Aprili ilipofurika, maji yakaingia mpaka kwenye godoro, Wafula akapata nimonia juu ya selimundu, sikusali kabisa. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa mtupu. Jumuiya ilikutana Alhamisi kama kawaida, ikahamia kwenye korido ya ghorofa yetu kwa sababu ndani kulikuwa na tope. Walisali rozari, mimi nikikamua nguo. Hakuna aliyeniuliza mbona siitikii. Mwenyekiti aliimba kwa ile sauti yake ambayo haimo katika sauti nne zinazojulikana, kisha akakunja rinda akaanza kupiga deki. Wewe uliondoka na nguo za mtoto kwenye karai, ukazirudisha kesho yake zimenyooshwa. Hukuniambia neno la faraja hata moja, na nakushukuru.

Wakati mwingine watu huongea kuhusu jumuiya ndogo ndogo kana kwamba zilianzishwa za kukusanya michango. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana hapa hapa Nairobi mwaka 1976 na kuamua Kanisa lijengwe kuanzia kwa majirani, nafikiri walikuwa wanawaza korido kama ile. Michango nayo ipo, sikatai. Bili ya mochari ya Baba Mghoi isingelipika bila ile bahasha. Lakini bahasha hata chama kinaweza kuitoa. Kusali badala ya mtu aliyeishiwa, bila kumdai, hilo chama hakiwezi.

Kwa hivyo nikikujibu moja kwa moja: siamini kwa sababu mambo yananiendea vizuri. Hayaniendei. Wala siamini kwa sababu nimeelewa. Naamini kwa zamu. Wiki nyingine mimi ndiye ninayeshika pembe ya godoro, wiki nyingine niko juu yake. Na nikimwangalia Yesu mwenyewe msalabani, naye alilia "mbona umeniacha", kwa maneno ya zaburi aliyoikariri tangu utotoni. Hata yeye saa ile alishika sala ya mazoea.

Zamu yako ya kubebwa ni hii. Rudi kanisani ukiweza, ukae nyuma karibu na mlango, usiimbe, usiitikie, usipokee mkono wa amani kama mkono hautaki kuinuka. Ukishindwa hata hayo, kaa nyumbani, sisi huku tunakutaja. Alhamisi iliyopita nilikutaja mimi, na yule mzee wa tarumbeta akamtaja Baba Mghoi, akasema deni lake la mia mbili amemsamehe, tukacheka wote.

Na uje, shule zikifungwa mwezi wa nane. Shuka na matatu asubuhi mapema mpaka Voi, upande ile treni inayosimama vituo vya katikati, na ukate tiketi mapema kwa simu maana likizo hujaa. Ukikaribia Syokimau nipigie, nitakuja kukupokea, usipande boda na mizigo. Mlete Mghoi, kitanda cha Wafula kinawatosha wakilala mzungu wa nne. Usininunulie chochote njiani. Kama utapata maharagwe mazuri na ndizi za huko milimani, njoo nazo utupikie kimanga, Wafula anakidai tangu ulipoondoka na mimi kikinishinda kila nikikisonga.

Msalimie mama yako, mwambie dawa ya mafuta aliyonipa ya miguu inasaidia.

Rafiki yako,
Mama Wafula