Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: Maji kwanza, marufuku baadaye

Ndugu Mkurugenzi,

Linapozuka suala la kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, kwa wanafunzi wa shule za msingi, agizo la haraka huwa ni kuwafukuza wauza soda getini. Sisi tunaoshughulika na lishe ya wanafunzi tunaomba agizo hilo lisubiri maji. Mtoto aliyecheza kwenye jua la saa sita asipokuta maji atanunua juisi ya unga, hata kwa kupitishiwa juu ya ukuta.

Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari takribani gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku; kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, hizo ni gramu 40. Chai na andazi la asubuhi bado hatujavihesabu.

Shule ya wanafunzi 1,000, kwa nusu lita kila mmoja, inahitaji lita 500 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 linatosha, ila likae kivulini. Likipigwa na jua, maji yanapata moto na watoto wanayakimbia. Koki ziwe nyingi na mbali na vyoo, maana mapumziko ni mafupi na foleni ndefu inawarudisha getini. Tengeni pia fedha za koki za akiba.

Wauzaji wabaki, kwa masharti ya kibali: mihogo ichemshwe badala ya kukaangwa, matunda yafunikwe.

Kwenye upimaji wa unene wa watoto ndiko tunakoharibu zaidi. Watu hutumia kipimo cha watu wazima, BMI 25 (BMI ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kimo cha mita mara mbili). Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 43 na kimo cha mita 1.38 ana BMI 22.6, kwa hiyo anaandikwa salama. Chati ya Shirika la Afya Duniani inaweka mpaka wa kiribatumbo kwa umri wake kwenye 21.4, ameshauvuka. Viatu na sweta vivuliwe, umri uandikwe kwa miaka na miezi, na kila mtoto apimwe peke yake nyuma ya pazia. Kilo zikitajwa mbele ya darasa, ataitwa bonge mpaka darasa la saba, na siku nyingine ya kupima hamtamwona.

Tunaomba fungu la matenki na koki liingie kwenye bajeti inayoanza Julai, na waraka wa soda utoke shule zikishapata maji.