Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: kirusi kilitoka maabara, wagonjwa wapo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu. Oktoba 2009 jarida la Science lilitangaza kuwa retrovirusi mpya, XMRV (kirusi cha jamii moja na kile cha UKIMWI), imeonekana katika damu ya wagonjwa 68 kati ya 101. Kirusi hicho kilikuwa kimeripotiwa kwanza mwaka 2006, katika sampuli za saratani ya tezi dume. Kwa watu waliozoea kuambiwa kwamba wanajisingizia, habari hiyo ilikuwa kama kufunguliwa mlango. Baadhi yao wakaanza kumeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kanada, Australia na Uingereza zikawazuia wenye ugonjwa huo kuchangia damu.

Maabara nyingine zikakitafuta zisikione. Mwaka 2011 chanzo kikajulikana: miaka ya 1990, uvimbe wa tezi dume ulipokuwa ukipandikizwa kwa panya mmoja baada ya mwingine, vinasaba vya virusi viwili vya panya viliungana vikazaa kirusi kimoja. Seli zilizotokana na uvimbe huo zikasambazwa maabara nyingi, nacho kikasafiri nazo na kuchafua sampuli zilizokuwa zikipimwa. Desemba 2011 Science ikaufuta utafiti wake. Mwaka 2012 mtafiti wa virusi Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia alipima wagonjwa 147 na watu wazima wa afya 146, sampuli zikiwa na namba za siri ili wapimaji wasijue ipi ni ya mgonjwa, watafiti wa 2009 nao wakishiriki. XMRV haikuonekana kwa yeyote.

Taasisi yako ndiyo iliyogharamia kazi hiyo, na ilistahili kila senti. Lakini kilichokanushwa ni kirusi. Maumivu ya wagonjwa hayakukanushwa, wala kuzidiwa kwao baada ya shughuli ndogo tu. Ripoti ya mwaka 2015 ya Taasisi ya Tiba ya nchini mwako ilikadiria kuwa Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanaugua, wengi wao bila kutambuliwa na daktari.

Naomba ugonjwa huu upewe fedha za utafiti zinazolingana na wingi wa wanaoumwa. Naomba pia kirusi chochote kipya kinachohusishwa na ugonjwa kipimwe kwanza kwa namba za siri, katika maabara zaidi ya moja, kabla mgonjwa hajaambiwa kwamba anacho.

Wako,
Mtetezi wa wagonjwa