Kabla ya kupitisha daftari la mchango, tuulize kijana alifia wapi

Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu wa kwetu tunaoishi Kawangware. Kwetu ni upande wa Khayega, Kaunti ya Kakamega. Msiba ukitokea, daftari liko kwangu: nani ametoa, nani ameahidi, mochari wanadai ngapi, gari la kubeba mwili hadi nyumbani ni pesa ngapi. Aprili iliyopita niliandika jina la kijana wa miaka 24 juu ya ukurasa mpya, na hadi leo ukurasa huo unaninyima usingizi.

Jina lenyewe sitalitaja. Mamake ameniomba hivyo, na wa kwetu wakisoma haya watamjua tu.

Alikuwa mtoto wa kila boma. Ukimkuta kwa jirani anakula, hukuuliza alialikwa na nani. Mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye aliyegongewa mlango ili asaidie kumbeba hadi barabarani. Alipiga isukuti, ngoma zetu Waluhya, tangu akiwa shule ya msingi; yake ilikuwa ile ndogo, mtoto wa zile tatu, na mzee aliyemfundisha alikuwa akimwachia ngoma zote azitunze. Namkumbuka akiwa amechuchumaa kando ya moto wa matanga, ameielekeza ngozi ya kenge kwenye joto, anaigonga kwa kidole kimoja, anategea sikio, anairudisha tena motoni. Watu wote wanamngoja, naye hana haraka. Mpaka ngozi ikaze, ilie anavyotaka, ndipo ainuke.

Na kabla ya ngoma kulikuwa na jembe. Kwetu makaburi huchimbwa na vijana wa kijiji, na yeye hakuwahi kuitwa mara mbili. Ndiye aliyepima kwa kamba, ndiye aliyeshuka kwanza, na ndiye aliyewafokea wenzake wanaomwaga udongo karibu na ukingo. “Tupeni mbali,” alikuwa akisema, “udongo ukilowa unarudi.” Siku tulipomzika, vijana walichimba wakibishana kuhusu vipimo hadi saa nne asubuhi, maana aliyekuwa akiwapimia ndiye aliyelala kwenye sanduku.

Alikuja Nairobi baada ya babake kufariki, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na dada wawili na karo. Hakuwa na mtu wa kumwingiza ofisini, akaingia mjengo kama wengi wetu tulivyoanza. Alfajiri alitembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Kileleshwa, kabla ya saa kumi na mbili na nusu awe amesimama langoni na wenzake wakingoja kuchaguliwa. Shilingi 600 kwa siku. Kila Jumamosi jioni mama alipokea M-Pesa, hata wiki ambayo kijana alifanya kazi siku tatu tu.

Walikuwa wakichimba mtaro wa msingi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mbili mfululizo, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa ukingoni kabisa kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Hapakuwa na mbao za kushikilia kuta, na mtaro ulikuwa umeshawapita vichwa. Kijana aliyekuwa naye chini alinieleza haya siku ya matanga, akitetemeka. Alisema marehemu alimwambia msimamizi kwamba rundo lile lisogezwe kwanza. Msimamizi akamjibu kuwa anayeogopa apande juu aende nyumbani, langoni kuna wengi wanaotaka nafasi. Alishuka. Ukuta ulianguka muda mfupi baadaye. Wenzake walimchimbua kwa mikono, wakaogopa hata kutumia sururu wasije wakamuumiza. Alikata roho kwenye pikapu, kabla ya kufika hospitali.

Hapo ndipo sisi tulipokosea, Mhariri, na nalisema kosa hili kama langu pia.

Tulifanya tulichozoea. Tukakutana Jumapili, tukapitisha daftari. Mama mboga alitoa 200, watu wa bodaboda walitoa 3,500, mzee mmoja bawabu alitoa mshahara wa siku nne. Tulifikisha 186,000, zikalipa mochari, sanduku, gari na chakula cha waombolezaji. Mkandarasi alimtuma mtu akiwa na 20,000 kwenye bahasha, akatushukuru kwa utulivu wetu, na mama akatia kidole gumba kwenye karatasi iliyosema amepokea rambirambi. Mimi nilimshikia karatasi hiyo isipeperushwe na upepo. Tulimwona mkandarasi yule kuwa mtu mwema.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: huyu si amefia kazini?

Miezi miwili baadaye ndipo mpwa wangu anayesomea sheria alipolifungua daftari langu akaniuliza mbona sehemu ya fidia iko tupu. Sikuwa na sehemu kama hiyo. Akanisomea Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile watu wa Leba wanayoiita WIBA. Mwajiri anatakiwa awe amewakatia bima wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa kazini, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 24. Fidia ya kifo inaweza kufika mapato ya miezi 96, na gharama za mazishi nazo zimo. Marehemu akiwa hakuacha mke wala mtoto, mzazi aliyekuwa akimtegemea anahesabiwa. Wala usidhani lazima uwe na barua ya ajira: Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inautambua mkataba wa mdomo.

Nilikaa na kalamu. Shilingi 600 kwa siku 26 ni 15,600. Mara miezi 96 ni 1,497,600. Sisemi mama atapewa zote, hesabu ya mwisho si yangu. Lakini ukiweka nambari hiyo kando ya ile bahasha, utaelewa kwa nini siwezi kulala. Tulimchangisha mama mboga ili kumpunguzia mkandarasi deni.

Naomba mambo mawili kupitia gazeti lako. Wizara ya Leba iwalazimishe wajenzi kubandika langoni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, jina la kampuni ya bima na nambari ya kupiga mtu akiumia. Pale langoni ndipo vibarua wanaposimama kila asubuhi, watasoma. Na vyama vya watu wa nyumbani, ambavyo Nairobi hii ni vingi mno, viulize swali la kazi kabla ya kupitisha daftari. Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Familia nyingi huwa bado zinalipa madeni ya matanga miezi hiyo ikiisha.

Sisi tuna muda hadi Aprili ijayo. Tumeshakwenda Eneo la Viwanda, kwenye ofisi ya Usalama na Afya Kazini, tukapewa fomu. Tuliulizwa ushahidi kwamba alikuwa akifanya kazi pale, kwa sababu mkandarasi anasema hamjui. Nguo zake tulirudishiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya suruali kulikuwa na kijitabu kidogo cha shilingi kumi, kurasa zimegandamana kwa matope. Nilizitenganisha kwa wembe, moja moja. Alikuwa akiandika kila siku aliyofanya kazi: tarehe, mahali, pesa alizolipwa, na alama ya vema akishamtumia mama. Ukurasa wa mwisho una tarehe na mahali. Pesa hazijaandikwa.

Kijitabu hicho kinahitaji mtu wa kukisemea. Yule kijana aliyeniambia habari za rundo la udongo simu yake haipatikani tena, na wale wengine waliomchimbua kwa mikono wametawanyika kwenye mijengo mingine. Kama mmoja wenu anasoma barua hii, aje kituo cha matatu cha Kawangware 46 aulize mweka hazina wa watu wa Khayega. Ataonyeshwa mlango wangu. Nauli yake nitamrudishia.

Mweka Hazina,
Kawangware, Nairobi