Aliyeumwa na tandu hahitaji wembe wala mafuta ya taa

Mhariri,

Msimu wa mvua tandu na jongoo huingia majumbani, na bado kuna walioumwa wanaochanjwa kwa wembe, kufungwa kamba au kupakwa mafuta ya taa. Tunasihi mambo haya yaachwe. Wembe huingiza vijidudu, kamba huzuia damu kwenye mguu ambao tayari unavimba, mafuta ya taa huunguza ngozi. Sumu inabaki palepale.

Tandu ni yule bapa, mwenye jozi moja ya miguu kila pingili. Huuma kwa makucha mawili yaliyo chini ya kichwa na huacha matundu mawili. Akiuma mkononi, vua pete na bangili kwanza, kabla uvimbe haujapanda. Osha kwa maji na sabuni, kisha loweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 43 hadi 45 za Selsiasi. Kipimo hiki ndicho kinachokosewa. Huku pwani, lita 1 ya maji yaliyochemka katika lita 3 za maji ya bomba hukaribia hapo, lakini mtu mzima asiyeumwa ayajaribu kwanza kwa mkono wake, kwani mwenye maumivu makali huweza kuungua asijue. Dakika 30 zatosha kwa kuanzia. Yakipoa, toa mkono au mguu kwanza ndipo uongeze ya moto. Pasipo maji ya moto, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Pumzi ikibana, midomo ikivimba au vipele vikitapakaa mwilini, usiloweke chochote: kimbia hospitali. Chanjo ya pepopunda nayo iulizwe.

Jongoo haumi. Akibanwa, mara nyingi ndani ya kiatu cha mtoto, hutoa majimaji yanayoigeuza ngozi kuwa kahawia au nyeusi, hata mzazi akadhani kidole kinaoza. Osha kwa maji mengi na sabuni. Doa litakaa hata wiki kadhaa, lisisuguliwe. Jicho ndilo la kuhofia. Majimaji yakiingia humo, mlaze mtoto kwa ubavu, jicho lililopata likiwa chini, mmiminie maji safi dakika 20 mfululizo, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama amenyamaza, kwa sababu kidonda kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hakionekani kwa macho matupu.

Wasomaji wenu,
Tanga