Shukrani kwa fundi wa Usagara

Kaka uliyenikuta nimeegesha pembeni pale Usagara, bati la ubavuni mwa gari langu la kulala limeachia na linapigapiga kwa upepo, asante sana. Jina sikulipata.

Wengine wangegongelea ribiti mpya juu kwa juu. Wewe ulifunua bati, ukachomeka bisibisi kwenye fremu ya mbao, ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Ukakata kote kulikooza, ukaweka mbao kavu, ndipo ukapaka gundi ya kuzuia maji na kufunga skrubu zisizoshika kutu, ukianzia chini ili bati la juu lilalie la chini. Hiyo ndiyo kazi!

Mvua ya ziwani imenyesha usiku kucha, ndani pakavu kabisa. Na ukapokea hela ya vifaa tu. Mungu akuzidishie, kaka, wewe na nyumba yako.