Mmea wa nyoka unauawa na maji tunayoumwagia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mmea ambao umeenea katika sebule, baraza na ofisi za miji yetu, yaani sansevieria, ule wenye majani marefu na magumu yaliyosimama wima, yenye mabaka ya kijani na kijivu, ambao wengi huuita mmea wa nyoka. Unauzwa katika vitalu vya kando ya barabara, na mara nyingi mnunuzi huondoka na agizo moja tu la muuzaji, kwamba aumwagilie kila siku asubuhi. Baada ya muda majani hulegea sehemu ya chini, huwa ya njano, hutoa harufu ya uozo na kuanguka, naye mwenye nyumba, akidhani mmea una kiu, huzidisha maji. Inanisikitisha kuona mmea mvumilivu kiasi hiki ukifa kwa sababu ya bidii ya anayeupenda.

Asili ya aina inayopandwa majumbani ni nchi za joto za Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Nigeria hadi Kongo, na tangu mwaka 2017 wataalamu wa mimea wameihamishia katika jenasi (kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Dracaena. Ndugu zake, hata hivyo, wako hapa kwetu. Mkonge pori uotao katika bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai kwa jina la mmea huo huo, hustahimili miezi mingi ya kiangazi katika ardhi kavu iliyo kati ya Ngorongoro na Serengeti. Mimea ya ukoo huu huhifadhi maji ndani ya majani yake manene, na vitundu vidogo vya kupitishia hewa vilivyo juu ya majani hufunguka zaidi wakati wa usiku, ili jua la mchana lisiunyang'anye mmea maji yake. Ukiumwagilia kila siku, udongo haupati nafasi ya kukauka, mizizi hukosa hewa, na uozo hupanda kutoka chini hadi kwenye majani.

Kanuni ya kufuata ni kuchomeka kidole katika udongo na kumwagilia pale tu unapokuta umekauka hadi chini, jambo ambalo kwa mmea ulio ndani ya nyumba huchukua wiki mbili au tatu, na wakati wa baridi hata zaidi. Maji yamwagwe kwenye udongo, yasituame katikati ya majani, na chungu lazima kiwe na matundu. Ndoo na makopo ya plastiki yasiyotobolewa, ambayo wengi wetu huyatumia, ni hatari kubwa, hasa yakiachwa barazani wakati wa masika. Udongo uchanganywe na mchanga mwingi wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi na haufai. Mmea huvumilia kivuli, ingawa hukua vizuri zaidi karibu na dirisha lenye mwanga, na walioko Njombe au Makete wauingize ndani mwezi Juni na Julai, kwa kuwa baridi iliyo chini ya nyuzi 10 huudhuru.

Suala la kuuzidisha ndilo lililonisukuma hasa kuandika, kwa sababu hapo watu hupoteza fedha na miezi mingi ya kungoja. Jani moja lenye afya laweza kukatwa vipande vya urefu wa kiganja, na kila kipande kikatoa mmea mpya, lakini ni lazima mkataji aweke alama upande uliokuwa chini, kwani kipande kilichopandwa kichwa chini hakitoi mizizi. Vipande viachwe kivulini siku chache hadi majeraha yakauke, ndipo vichomekwe katika mchanga wenye unyevu kidogo. Mizizi huchukua mwezi mmoja, miwili au zaidi, na chipukizi la kwanza huonekana miezi kadhaa baadaye. Anayefukua kila wiki kuangalia kama kipande kimeshika huvunja mizizi michanga kabla haijapata nguvu. Wapo wanaotumbukiza vipande katika glasi ya maji, na njia hiyo nayo hufanya kazi ikiwa maji yatabadilishwa mara kwa mara, ila mimi napendelea mchanga, kwa sababu mizizi iliyozoea maji husumbuka inapohamishiwa kwenye udongo.

Sasa, ipo aina yenye ukingo wa njano, iitwayo Laurentii, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, nayo haizidishwi kwa vipande vya majani. Ukingo ule umetokana na tabaka la seli zisizo na klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, na chipukizi linalozaliwa kwenye kipande cha jani hutoka katika seli za tabaka la kijani, hivyo mmea mpya huwa wa kijani mtupu hata kama jani mama lilikuwa na ukingo mpana. Mwenye kutaka kuuhifadhi ukingo huo autoe mmea wote chunguni, atafute shina nene linalotambaa chini ya udongo, na kulikata kwa kisu safi ili kila sehemu ibaki na majani na mizizi yake. Mmea uliogawanywa hivyo huendelea kukua mara moja, na kwa aina zote ndiyo njia ya haraka zaidi.

Niongeze neno kuhusu madai kwamba mmea huu husafisha hewa ya chumba. Yanatokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989, ambao ulifanywa katika visanduku vidogo vilivyofungwa. Uchambuzi wa watafiti Cummings na Waring uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa ndani ya jengo. Afungue madirisha mwenye kutaka hewa safi, naye mwenye paka au mbwa auweke mbali nao, kwani majani yake yana saponini, kemikali zinazowatapisha.

Nawaomba wauzaji wa miche waandike kwenye chungu aina ya mmea na waache kuwaagiza wateja kumwagilia kila siku. Nawaomba pia wanaokwenda kung'oa mikonge pori porini kwa ajili ya biashara waache, kwa sababu chungu kimoja kilichogawanywa na majani machache yaliyokatwa vinatosha kuanzishia kitalu. Na kwako, Ndugu Mhariri, ningefurahi kama ukurasa wa nyumba na bustani ungewaalika wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waeleze pia utunzaji wa mimea mingine ya ndani, maana wengi wetu tunainunua bila kuijua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji na mpanda maua,
Morogoro