Simu ya Nyemo Haina Kosa

Hamburg, Agosti

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima na kazi zinaendelea. Ujumbe wa sauti wa Shangazi Mwaja umenifika, na kilichoniuma si hizo shilingi 1,200,000 za simu mpya ya Nyemo, bali ule usemi wake kwamba nimekwisha kuula Ulaya na sasa sitaki mdogo wangu ainuke. Nisingetaka ainuke, ningekesha naye usiku kucha nikimwelekeza namna ya kufungua akaunti kwenye tovuti ya kuuzia picha?

Picha zake 40 zimekataliwa zote, naye anailaumu simu. Nilimwomba anitumie, nikazikuza moja moja kwenye kompyuta kama wafanyavyo wakaguzi wa tovuti hiyo, nikabaki kushika kichwa. Katika ile ya shamba la Hombolo, filta imefuta ule unga mweupe unaokaa juu ya zabibu mbivu, ule ambao ukiugusa tu unaacha alama ya kidole, hata vichala vimekuwa kama shanga za plastiki. Udongo wetu mwekundu umegeuka rangi ya karoti, Mlima wa Simba umezungukwa na mstari mweupe kana kwamba ulikatwa kwa mkasi ukabandikwa angani, na Babu, Mungu anisamehe, amelainishwa uso hadi akaonekana mdogo kuliko Baba. (Tena Babu hakutia saini fomu ya ridhaa, na bila hiyo picha ya mtu anayetambulika haiuzwi kwa matangazo.)

Nyemo anadhani mnunuzi anataka picha iliyokwisha kupambwa, kumbe anataka iliyo safi ili aipambe mwenyewe kwa rangi za biashara yake. Wanunuzi wa kiwanda cha mvinyo wakija kupima zabibu zetu, hakuna anayezimwagia sukari kabla hawajafika. Filta ikishaunguza weupe wa mawingu na kuzamisha vivuli katika weusi, kilichopotea humo hakirudi, hata mnunuzi awe fundi namna gani.

Nisijisifu sana, lakini ile picha yangu ya mkono wako ukichambua zabibu, niliyoipiga nilipokuja likizo, imekwisha kununuliwa mara nyingi kuliko nyingine zote nilizonazo. Niliirekebisha mwanga kidogo, nikainyoosha na kufuta doa la vumbi la lenzi, basi. Mwezi uliopita niliikuta ukutani katika duka la juisi karibu na kituo cha treni. Walikuwa wameitia rangi ya kijani, na hiyo ni haki yao kwa kuwa walilipia, ila ile bangili yako ya shaba ilikuwa imekuwa kama ya jani la mgomba. Watu walinunua juisi wakapita. Mimi nilisimama pale hadi treni yangu ikaniacha, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua ule ni mkono wa nani.

Kwa hiyo simu mpya sinunui, na Shangazi aambiwe hivyo hivyo. Nimetuma shilingi 200,000 kwenye namba yako. Ni za salfa ya kuzuia ubwiri unga na za vibarua wa palizi, asije mtu akazigeuzia matumizi. Nyemo aende tena Hombolo alfajiri, kabla upepo haujaanza kutimua vumbi, apige vichala vile vile kwa simu ile ile, na asiguse filta yoyote. Anitumie picha kama faili, kwa maana zikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa zikawa ndogo, wakati wakaguzi hawapokei picha iliyo chini ya megapikseli 4.

Ile ya Babu asiifute. Atafute tu ile ya awali, yenye makunyanzi yake yote, anitumie mimi. Hiyo si ya kuuza.

Mwanao akupendaye,
Yohana